Ukimwita bosi Baba, ovataimu utamdai nani?

Watu wengi wa Dodoma wanalijua kanisa kubwa kwa mlango wa mbele, kwaya zimevaa sare, projekta inawaka, mchungaji kasimama. Mimi nalijua kwa mlango wa nyuma. Nimekaa ofisi ya fedha ya kanisa moja kubwa hapa mjini miaka sita, jina silitaji na msianze kubahatisha, na kitu kilichonikaa kichwani kuliko mahubiri yote ni harufu. Sarafu za mia na mia mbili zikimwagwa mezani kwa mkupuo zina harufu yake, chuma kimechanganyika na jasho la viganja, unaosha mikono mara tatu na jioni ukimega ugali bado unaisikia.

Kuhesabu tulikuwa tunaanza kama saa nane mchana, ibada ya tatu ikishatoka. Chumba kidogo nyuma ya vestri, kile chumba cha wachungaji kuvalia majoho, feni imekufa zamani, wazee wa kanisa wawili, mama mmoja wa umoja wa wanawake, na mimi na daftari langu. Unakuta noti ya elfu moja imekunjwa na kukunjwa mpaka imekuwa kama kidonge, unaikunjua polepole isichanike. Siku moja nlifungua bahasha ya shukrani, ndani kuna sarafu moja ya mia tano na kakaratasi kamechanwa kwenye daftari la shule, kameandikwa kwa peni nyekundu, naomba mniombee mwanangu apate ajira. Nikaandika 500 kwenye daftari. Kakaratasi nikakatia kwenye droo ili nikapeleke kwa watu wa maombi, Jumatatu nikaenda benki, Jumanne kikao cha bajeti, na nilipokuja kusafisha ile droo miezi saba baadae kalikuwa bado kapo, chini ya risiti za dizeli ya jenereta.

Pale mezani nlikuwa kazini au nlikuwa kanisani? Nimejiuliza hilo swali miaka yote sita na sikupata wa kunijibu, na siku hizi naona sio kwamba jibu ni gumu, ni kwamba likijibiwa kuna hela itabidi itoke. Ukibaki ofisini mpaka saa tatu usiku unaandaa ripoti ya mkutano mkuu, hiyo inaitwa huduma. Ukichelewa robo saa asubuhi sababu daladala za Jamatini zimejaa, hiyo inaitwa kazi, na kuna barua.

Halafu kuna suala la Baba. Kwetu ofisini hakuna aliyemwita mchungaji kiongozi bosi, wala mkurugenzi, wala kwa jina. Ni Baba. Mkewe ni Mama. Sisi wote, hata dereva ambaye alikuwa amemzidi umri Baba kwa miaka kama minne hivi, ni watoto. Mtu wa nje anaweza kuona ni heshima ya kawaida tu, na ni heshima kweli, sisi Watanzania hatuwezi kukaa na mtu bila kumpa nafasi yake kwenye ukoo. Ila hebu jaribu kumdai baba yako ovataimu uone.

Mimi nlijaribu. Ilikuwa baada ya msimu wa harusi, Jumamosi saba mfululizo nimeingia kufungua ofisi kupokea malipo ya ukumbi na kukaa mpaka wapambaji watoe vitu vyao. Nikajipanga wiki nzima, nikaingia.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba mwanangu, karibu, watoto hawajambo?"

"Hawajambo Baba. Nlikuwa na kaombi kuhusu zile Jumamosi..."

Akanisikiliza mpaka mwisho, hakukasirika hata kidogo, afadhali angekasirika. Akasema mwanangu, Bwana hamsahau mtu anayemtumikia, akasimama, akaniwekea mkono kichwani akaniombea, maombi marefu na ya upendo kabisa, akamtaja na mume wangu na mama mkwe aliyekuwa anasumbuliwa na presha. Nikasema amina, nikasema asante Baba. Nafika mlangoni ndo nashtuka kwamba sijajibiwa, ila ndo nimeshaombewa, unarudije tena kudai?

Sasa msije mkadhani namchora kama mtu mbaya. Baba yangu mzazi alipofariki kule Mpwapwa sikuomba kitu, nikashangaa asubuhi Coaster mbili zimeingia, kwaya, wazee, mchele, mafuta, na Baba mwenyewe kashuka kaja kukaa chini kwenye mkeka na wajomba zangu. Kuna kampuni gani inayofanya hivyo? Ndo maana jambo lenyewe ni gumu kulisema. Ukoo ukiwa wa uongo mtu anaukataa kirahisi, huu ulikuwa wa kweli, ulinizikia baba yangu, na huo huo ndo ulikuwa unafanya kazi ambayo mkataba ulitakiwa kuifanya.

Ukitaka kujua tulifikaje hapo angalia mji wenyewe. Kanisa letu lilikuwa la mji wa zamani, ule mji ambao ukitoka stesheni mpaka sokoni Majengo unasalimia njia nzima, ibada moja, karani mmoja, mlinzi mmoja, na kila mtu anajua mtoto wa nani kafaulu. Familia, kweli. Halafu 2016 serikali ikatangaza inahamia Dodoma moja kwa moja, 2018 tukawa jiji, wizara zikaenda Mtumba, Kisasa na Ilazo na Iyumbu zikajaa nyumba, na watu wakaja na mishahara yao na mazoea yao ya Dar. Ibada moja zikawa tatu. Wanataka ibada irushwe laivu YouTube, wanataka sauti safi, wanataka namba ya kutuma sadaka kwa simu, wanataka Sunday school yenye walimu wa kueleweka sio binti mmoja na watoto mia. Haya yote ni haki yao, na sadaka waliongeza kweli. Lakini ofisini tulibaki na akili ya ibada moja. Kijana wa mitambo aliyekuwa anafunga spika mbili akajikuta anaendesha kamera tatu na mikisa yenye vitufe kama ndege, na bado anaitwa kijana wetu, na bado analipwa asante.

Asante, kama hujui, ni bahasha. Haina kiwango wala tarehe, na ukiihoji unaonekana huna shukrani.

Na hapo kwenye tarehe ndo pana mambo, mana mshahara wa kanisani unapumua na sadaka. Jumapili ya kwanza baada ya watu kulipwa mnatabasamu. Januari ada za shule zimebeba kila kitu, mnaangaliana. Sisi wa huku kati kuna na hili la mvua, Dodoma ni nchi kame, ikinyesha Desemba ikakata Februari basi uwele na alizeti vya vijijini vimeenda, na ile Jumapili ya mavuno ambayo huwa mnategemea magunia yanaletwa madebe. Mpaka hapo naelewa, hela haipo haipo. Nisichokielewa mpaka leo ni kwamba kulikuwa na miezi hela ipo ila imeenda kwenye ujenzi. Bati limelipwa, nondo zimelipwa, fundi wa tailizi kalipwa siku hiyo hiyo sababu yule akikosa hela anabeba mwiko wake anaondoka. Sisi tunaambiwa watoto vumilieni. Fundi hakuwa mtoto wa mtu pale, alikuwa fundi.

Nlianza kuisoma sheria kwa hasira, wala sio kwa busara. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya 2004, nliikuta kwa Kiingereza, inachosha lakini inasomeka. Mwanzoni kabisa inataja watu isiowahusu: jeshi la wananchi, polisi, magereza, JKT. Nlirudia ule mstari nikitafuta kanisa. Halimo. Maana yake saa 45 kwa wiki zinamhusu na karani wa kanisa, kinachozidi hapo kinalipwa mara moja na nusu, na mfanyakazi ana saa 24 za kupumzika kila wiki na akifanyishwa kazi siku hiyo analipwa mara mbili. Likizo ya mwaka siku 28. Maelezo ya ajira yako unatakiwa uyapate kwa maandishi, kazi yako ni ipi, unaanza lini, saa ngapi, shilingi ngapi. Kuna na kipengele kilichonichekesha, kazi ya usiku kuanzia saa mbili usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi ina nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Nikawaza mikesha yote ile ya mwaka mpya nliyokaa na kisanduku cha fedha mapajani.

Hesabu wiki yetu. Jumapili saa kumi na mbili na nusu asubuhi umeshafika, unatoka saa kumi na moja jioni. Jumatatu Baba anapumzika, ndo siku yake, lakini wewe wa fedha lazima uende benki mana hela ya Jumapili haiwezi kulala. Jumanne mpaka Ijumaa ofisi. Jumamosi harusi, au msiba, au semina ya wanandoa ambayo mwenzako yuko nyumbani anaihitaji kuliko hao mnaowafungulia ukumbi. Saa 24 za kupumzika ziko wapi hapo?

Lakini huwezi kusema, kuna lugha yake. Grupu letu la WhatsApp la watendakazi lilikuwa na amri hata mia na hakuna hata moja iliyofanana na amri. Meseji ikianza na "Wapendwa katika Bwana" ujue kuna kazi isiyo na hela. Ikianza na jina lako kamili umeharibu.

Kingine kinachonishangaza ni kwamba kanisa hilo hilo likiwa na hospitali au chuo mambo ni tofauti. Makanisa ya Tanzania yanabeba sehemu kubwa ya afya na elimu, tangu 1992 yana makubaliano na serikali na tume yao ya huduma za jamii, CSSC, na huko nesi ana mkataba, ana afisa utumishi, ana fomu ya likizo, kwa sababu kuna wakaguzi na kuna mtu atauliza. Ofisi ya kanisa lenyewe haiulizwi na mtu. Rafiki yangu ni mhasibu wa shule ya kanisa, mwajiri ni yuleyule ukifuatilia juu, yeye anajua mshahara unaingia lini mimi nasikilizia. Kwa hiyo msiniambie kanisa haliwezi. Linaweza pale linapoulizwa.

Mbele ya waumini napo pana kazi yake. Bajeti inasomwa kwenye mkutano mkuu, jambo zuri sana la uwazi naliunga mkono, ila maana yake watu elfu mbili wanajua unalipwa shilingi ngapi na wote ni waajiri wako. Nipo sokoni Majengo nimeshika fungu la nyanya, mama mmoja ananiambia, kumbe mnalipwa vizuri hivo, kwa upole kabisa, anatabasamu. Nlikuwa na mpango wa kununua na papai. Sikununua.

Na mnada je? Kwa wasiojua, mtu akileta sadaka ya kitu, yai, muwa, kuku, gunia la mtama, baada ya ibada kinanadiwa nje. Inachangamsha kwa kweli, yai moja linanunuliwa elfu tano, aliyenunua anasema rudisheni mnadani, linauzwa tena, watoto wanacheka. Shida ni wale wa nitaleta wiki ijayo. Kuna mzee mmoja alinunua jogoo elfu themanini, akapigiwa makofi na vigelegele, jogoo kaenda naye na hela hajaleta. Mimi ndo mwenye daftari la madeni ya mnada. Wiki ya tatu nikapiga.

"Shikamoo baba, Bwana Yesu asifiwe."

"Amina, nani mwenzangu?"

"Ni wa ofisini hapa kanisani, nlikuwa nakumbushia ile ya jogoo."

Kimya. Halafu: "Dada, siku hizi hata sadaka mnadai?"

Huyo mzee alikuwa mjumbe wa kamati ya fedha. Novemba kamati ilikaa kujadili nyongeza ya mishahara ya ofisi, na mimi ndo niliyekuwa naandika muhtasari, kwa hiyo nlimsikia kwa masikio yangu akisema watumishi wa siku hizi wametanguliza sana fedha. Nikaandika. Mjumbe mmoja alichangia kuwa watumishi wametanguliza fedha.

Nimeyasema haya kwa kucheka lakini lipo moja sichekei. Tulikuwa na mlinzi getini, tukimwita Babu, mwenyeji wa Bahi, kakaa pale miaka 17. Alikuwa anajua gari la kila mtu kwa mlio. Ilipofika wakati macho yameanza kumsumbua wakaamua apumzike, na walimuaga vizuri, Jumapili ibada ya pili, akaitwa mbele na mkewe, wakapewa blanketi na bahasha, kwaya ikaimba, watu wakalia. Mimi pia nlilia.

Baada ya wiki tatu akaja ofisini na mfuko wa nailoni, ndani kaweka kitambulisho cha NIDA, picha pasipoti nne na barua ya mtendaji. Kuna mtu kijijini kamwambia aliyefanya kazi mjini anapata mafao. Akakaa kwenye kiti cha wageni, kofia mkononi, akaniuliza, "Mwanangu, na mimi jina langu lipo huko?"

Halikuwepo. NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii unaolipa mafao, inachangiwa asilimia 20 ya mshahara, kwa kawaida kumi ya mwajiri na kumi ya mfanyakazi, na kwa Babu haikuwahi kwenda hata shilingi, sababu miaka yote 17 hakuwa kwenye orodha ya mishahara, alikuwa kwenye vocha. Mlinzi, posho. Kila mwezi vocha, kila mwezi dole gumba la wino wa zambarau. Sikuwa na haja ya kwenda kutafuta faili, mana vocha sitini na kitu kati ya zile niliandaa mimi kwa mkono wangu, na kila mwezi nlikuwa najua, yaani mhasibu utasemaje hukujua.

Nlimwambia ntafuatilia. Nikafuatilia kwa namna yetu, nikamwendea Baba, Baba akasikitika kweli, ikapitishwa bahasha nyingine ya laki tatu na Babu akashukuru akasema Mungu awabariki. Angeweza kwenda NSSF. Angeweza kwenda CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambako ukiachishwa kazi una siku 30 za kulalamika na kwa madai mengine siku 60. Alikuja wiki ya tatu. Siku zilikuwa bado zipo, mimi nlizijua, na sikumwambia. Nliogopa kwamba nikisema nitakuwa mtoto aliyempeleka baba yake kwa serikali. Huo ndo ukoo ninaouzungumzia, haukuhitaji mtu wa kunitisha, nlijitisha mwenyewe.

Watu wakinisikia wanataka niseme wachungaji wanakula. Wapo, sikatai, ila kwetu niliyemuona akiumia karibu sawa na Babu ni Baba mwenyewe. Anaishi nyumba ya kanisa, siku akihamishwa ni barua na lori, akistaafu anatafuta pa kwenda. Simu yake haizimwi. Saa nane usiku kapigiwa mgonjwa kazidiwa Hospitali ya Mkoa, saa kumi na mbili kuna maombi ya asubuhi, saa nne kikao. Jumatatu yake ya kupumzika nimeshamuona anazika. Na yeye pia kuna anayemwita Baba huko juu, na sidhani kama amewahi kumuuliza habari za likizo. Ndo mana aliponiombea badala ya kunijibu sidhani alikuwa anakwepa. Alinipa kile ambacho na yeye hupewa.

Kuna kitu kingine mtu hakwambii siku unaajiriwa, kwamba unapata kazi unapoteza kanisa. Ibada inaendelea wewe unasikia tu projekta inakwamakwama na unawaza balbu yake bei gani. Mahubiri ya utoaji yakianza unapiga hesabu. Ukiwa na shida nyumbani, na mimi nlikuwa nayo mwaka wa nne, siwezi kusema zaidi, unampelekea mchungaji gani wakati mchungaji ndo anayesaini tathmini yako ya kazi? Mume wangu alikuwa anasali na watoto upande wa kushoto mimi niko vestri, miaka sita hatukukaa benchi moja.

Niliacha kwa barua ya kurasa moja na nusu, nikaagwa, nikapewa kitenge doti mbili. Blanketi sikupewa.

Sa hivi tunasali kakanisa kadogo huku Nzuguni, bati halina dari, upepo wa Julai ukivuma vumbi lote linaingia na mchungaji anahubiri kaziba pua. Tunakaa benchi moja wote watano. Wiki mbili zilizopita wazee wawili walinifuata nje baada ya ibada, wakanisalimia vizuri, wakasema dada tumesikia wewe ni mtu wa hesabu, tunaomba utusaidie, mambo yameanza kuwa mengi, tumefika watu mia na themanini. Nikawauliza mkataba unakuwaje. Wakacheka wote wawili wakajua nimetania, mmoja akanishika bega, akasema, "Dada, si sisi ni familia."

Nimewaambia ntawajibu Jumapili.